Hodi Kabla ya Mizizi: Misunkumilo na Amana ya Elimu ya Miti

Tuchukulie, ndugu msomaji, kwamba mgeni ameshuka katika stendi ya Mpanda akiwa na mkoba begani na kibali cha utafiti mkononi. Anautafuta mti ambao wazee wa Katavi huwatibia watoto wanaoumwa tumbo, naye ameelekezwa Misunkumilo, moja ya kata za Manispaa ya Mpanda. Kibali chake kimetolewa Dar es Salaam, kikapita ofisi ya mkoa, kikashuka manispaa, kikafika kwa mtendaji wa kata na hatimaye kwa mwenyekiti wa mtaa. Kila mlango umegonga muhuri wake. Wa mwisho kufikiwa ni bibi anayeujua mti wenyewe, na aghalabu yeye haulizwi bali huarifiwa. Huambiwa kwamba mgeni huyu ametumwa na serikali, basi amwonyeshe.

Mgeni huyo ni wa mfano tu, lakini njia aliyoipita ndiyo njia ya mtafiti yeyote nchini mwetu. Tume ya Sayansi na Teknolojia hutoa kibali, na ngazi za utawala hukipokea moja baada ya nyingine. Katika ngazi zote hizo hatuoni hata moja iliyowekwa kwa ajili ya mwenye elimu.

Sisi tumelelewa katika adabu ya hodi. Hata nyumba ya ndugu yako wa damu huiingii mpaka ubishe hodi mara tatu, na usipojibiwa unarudi ulikotoka bila kinyongo. Adabu hiyo tunaijua kwa milango ya mbao. Kwa elimu iliyomo kifuani mwa mzee, ambayo yeye aliipokea kwa babu yake, na babu yake kwa waliomtangulia, tumezoea kuingia bila hodi na kutoka bila kwaheri. Makala haya yanahusu hodi hiyo. Wataalamu wa sheria za kimataifa wameipa jina la itifaki ya jamii, yaani utaratibu ulioandikwa na wenyeji wenyewe kueleza nani aombwe ruhusa, kwa njia gani, jambo lipi hutolewa, lipi halitolewi, na anayechukua anarudisha nini.

Kinacholindwa si mti peke yake. Mti, jina lake katika lugha ya wenyeji, mahali unapoota, msimu wa kuchimba mizizi yake, kipimo cha dawa na mtu anayeruhusiwa kuitoa, vyote ni kitu kimoja. Ukiondoa kimoja, vingine hulegea. Jina likisahauliwa, mjukuu ataupita mti uleule kila siku akienda shule asijue kuwa ndio uliomponya mama yake. Pori likifyekwa, jina litabaki kinywani kwa kizazi kimoja, kisha litatoweka. Ndiyo maana wataalamu wanazungumzia urithi wa uhai na utamaduni kwa pamoja, wala hawautenganishi.

Mfano ulio bora kuliko yote katika ukanda wetu ulitokea magharibi mwa Mpanda, katika milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Hiyo ni nchi ya asili ya Watongwe, ambao kwa lugha ni ndugu wa karibu wa Wabende. Mwaka 1965 mtaalamu wa Kijapani, Toshisada Nishida, alianza kuwachunguza sokwe wa huko, na utafiti huo unaendelea hadi leo. Mwezi Novemba 1987 mtafiti mwingine, Michael Huffman, alikuwa porini pamoja na Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mtumishi wa idara ya wanyamapori na mjuzi wa tiba za kwao. Walikuwa wakimfuatilia sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku. Siku hiyo Chausiku alikuwa mgonjwa dhahiri: mnyonge, hana hamu ya kula, analala wakati wenzake wanazunguka. Wakamwona akielekea kwenye kichaka, akavunja matawi machanga, akayamenya na kuanza kutafuna kiini chake, akifyonza maji na kutema makapi.

Mgeni alistaajabu, kwa kuwa mmea huo ni mchungu na si chakula cha kawaida cha sokwe. Mzee Kalunde hakustaajabu. Aliutambua: Watongwe huuita mjonso, nao huutumia kutibu maradhi ya tumbo na homa. Waganda huuita mululuza. Katika vitabu vya sayansi ni Vernonia amygdalina. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amerudiwa na nguvu, na muda huo wa kupona ulilingana na ule ambao Watongwe huutaja kwa mgonjwa wa kibinadamu anayekunywa dawa hiyo.

Baadaye wanakemia wa Japani walichambua mmea huo wakapata ndani yake viambata ambavyo havijawahi kuandikwa, na katika maabara vikaonekana kuwa na nguvu dhidi ya vimelea. Tukio la kichaka kile lilisaidia kukuza tawi la sayansi linalochunguza namna wanyama wanavyojitibu.

Hapa kuna jambo ambalo twapenda msomaji alitazame kwa makini. Makala ya kwanza juu ya tukio lile ilichapishwa mwaka 1989 katika jarida la kisayansi la Primates, na waandishi wake wametajwa wawili: Huffman na Mohamedi Seifu. Mjuzi wa Kitongwe hakuwekwa katika orodha ya shukrani mwishoni, pamoja na dereva na mpishi. Amewekwa juu, kama mwandishi. Huffman ameendelea katika maandishi yake kumtaja Mzee Kalunde, na hata kusimulia habari za babu yake, Babu Kalunde, ambaye alimwona nungunungu mgonjwa akichimba na kula mizizi ya mmea uitwao mulengelele, akaujaribu, na akawatibu watu wa kijiji chake waliokuwa wakifa kwa ugonjwa mfano wa kuhara damu. Elimu hiyo ikabaki katika ukoo mpaka ikamfikia mjukuu.

Huo ni uungwana, nasi tunaukiri. Lakini uungwana ni tabia ya mtu. Angekuja mtafiti mwingine, mwenye haraka zaidi au haya kidogo zaidi, lisingekuwapo lolote la kumlazimisha kuandika jina la Mohamedi Seifu. Mwaka 1987 haikuwapo sheria ya namna hiyo hapa wala kwingineko duniani, na Watongwe hawakuwa na utaratibu ulioandikwa. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai ulikuja mwaka 1992. Itifaki ya Nagoya, inayoeleza namna ya kuomba ridhaa na kugawana manufaa, ilipitishwa mwaka 2010, takriban miaka ishirini na mitatu baada ya Chausiku kutafuna mjonso.

Wakati huohuo, wenye elimu walikuwa wakiondoka katika nchi yao. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwatoa Watongwe katika makazi yao madogo madogo ya milimani, na mwaka 1985 Mahale ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Wapo waliosogea kwenye vijiji vya pwani ya ziwa na wapo walioelekea bara. Elimu ya tiba nayo ilihama pamoja na watu. Ikaingia vijijini, na kizazi kilichofuata kikaingia nayo mijini.

Hivyo ndivyo tunavyofika tena Misunkumilo. Mpanda ni mji uliozaliwa na uchimbaji. Reli ya kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, na machimbo yale yalipofungwa mwaka 1960 reli ikabaki na mji ukaendelea kukua. Leo katika mitaa yake utamkuta Mbende, Mkonongo, Mpimbwe, Mtongwe, Mfipa, Msukuma na Muha, pamoja na watoto wa waliokimbia Burundi mwaka 1972 na kupokewa Katumba na Mishamo, ambao wengi wao sasa ni raia wenzetu. Kila kabila limekuja na mti wake na jina lake la mti. Wamebadilishana dawa kwa miaka hamsini, uani, kisimani na sokoni, bila hati yoyote.

Mtu atauliza: katika mchanganyiko huo, nani mwenyeji? Swali hili ndilo linalowakwamisha wengi, nasi tunadhani jibu lake ni jepesi kuliko linavyoonekana. Serikali ya Tanzania kwa muda mrefu imesita kutenga makabila fulani na kuyaita jamii asilia, kwa hoja kwamba Watanzania wote ni wenyeji wa nchi yao. Mkataba wa 1992 na Itifaki ya Nagoya, hata hivyo, havizungumzii jamii asilia peke yake bali vinataja pia jamii za mahali. Jamii ya mahali inaweza kuwa mtaa wa Misunkumilo wenye makabila saba, mradi watu wake wakae pamoja na kukubaliana nani anabeba elimu ipi. Mtongwe ataisemea mjonso kwa jina la kwao, na Msukuma atausemea mti wake.

Ugumu halisi uko penginepo, nao ni wa kisheria. Kijiji cha Tanzania ni chombo chenye nguvu. Kina mkutano mkuu wa watu wazima wote, kina halmashauri yake, kina ardhi inayosimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kinaweza kutunga sheria ndogo zake, na chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi. Mtaa wa mjini hauna hata kimoja cha hivyo kwa ukamilifu. Una mwenyekiti, una mkutano wa wakazi, una muhuri. Sheria ndogo hutungwa na halmashauri ya manispaa, na ardhi ipo chini ya mipango miji. Mzee yuleyule, mwenye elimu ileile, akikaa kijijini ana mkutano wa kumsemea. Akihamia Misunkumilo kuishi na mwanawe, sauti yake inakuwa ya mtu mmoja mbele ya mtafiti mwenye barua tano.

Tofauti hiyo inaonekana wazi ukitazama wilaya jirani. Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoa huuhuu wa Katavi, vijiji vinane vinavyozunguka misitu ya Ntakata vimeingia katika mradi wa hewa ya ukaa pamoja na kampuni ya Carbon Tanzania. Viliweza kufanya hivyo kwa sababu ni vijiji: vilikuwa na mipango ya matumizi ya ardhi, misitu iliyotengwa kwa maamuzi ya mikutano yao, na mhuri wa kuweka katika mkataba. Fedha zimeingia, na zahanati na madarasa yamejengwa. Ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo tani za ukaa hupimwa kwa unene wa shina, na mkataba wa ukaa hauulizi mti huo unatibu nini, unaitwaje na nani ana haki ya kuuchuma. Msitu unaweza kusimama imara huku elimu yake ikizikwa na wazee mmoja mmoja. Wanakijiji wa Ntakata wana nafasi nzuri ya kuandika ukurasa wa pili wa makubaliano yao, unaohusu elimu. Watu wa Misunkumilo bado hawana ukurasa wa kwanza.

Kwa Tanzania Bara sheria zinazogusa jambo hili zimetawanyika. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kuwasajili waganga. Ni sheria yenye faida, lakini inamsajili mtu na kilinge chake, haielezi elimu ni ya nani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inagusa upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki. Chuo cha Tiba Asili pale Muhimbili kimekuwapo tangu mwaka 1974 na kimekusanya maarifa mengi. Wenzetu wa Kenya walikwenda hatua mbele mwaka 2016 walipotunga sheria mahususi ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi, inayozipa serikali za kaunti kazi ya kuweka rejista. Kuwa na sheria si kuwa na ulinzi, na Wakenya wenyewe watakuambia hivyo. Lakini mwenye sheria ana pa kuanzia.

Kenya walijifunza kwa machungu. Mwaka 1992 sampuli za viumbe vidogo zilichukuliwa katika chemchemi za moto za Ziwa Bogoria, na kutokana navyo kampuni ya Kimarekani ya Genencor ikatengeneza vimeng'enya vinavyotumika katika sabuni za unga na katika kufifisha rangi ya nguo za jinzi. Waendorois, wenyeji wa ziwa hilo, walikuwa wameondolewa mwaka 1973 ili kupisha hifadhi ya wanyama. Hawakuulizwa kuhusu hifadhi, wala hawakuulizwa kuhusu chemchemi. Mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliwapa haki juu ya ardhi yao, na baadaye wakaandika itifaki yao wenyewe ili atakayekuja tena ajue mlango uko wapi.

Wasomaji wetu wa pwani watakuwa wameikumbuka Lamu, na ni haki yao. Mradi mkubwa wa bandari ulipozinduliwa huko mwaka 2012, Waswahili, Wabajuni, Waaweer, Wasanye na Waorma walikutana chini ya umoja wa Save Lamu wakaandaa itifaki yao ya urithi. Ndani yake walieleza mikoko inavyokatwa, maeneo ya kuvua kwa misimu, misitu, asali, makaburi na misikiti, na namna wanavyotaka kushirikishwa. Mwezi Aprili 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua kuwa haki za wananchi, ikiwamo haki ya utamaduni wao, zilikuwa zimekiukwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Hatusemi kuwa ni itifaki peke yake iliyoshinda kesi. Tunasema kuwa watu walioingia mahakamani walikuwa wamekwisha kujieleza kwa maandishi: wao ni nani, bahari yao inaanzia wapi, na utamaduni wao ni upi hasa. Mahakama haiwezi kulinda kitu ambacho mwenyewe hajakieleza.

Sasa tunafika mahali ambapo baadhi ya wasomaji wetu watasita, na hatupendi kupaparuka tukapita. Je, kulinda urithi wa jadi si kulinda mizimu? Swali ni la haki, na Katavi ndipo mahali pake. Jina la hifadhi iliyotangazwa mwaka 1974, na la mkoa ulioundwa mwaka 2012, linatokana na Katabi, ambaye kwa masimulizi ya Wabende roho yake hukaa katika mkwaju kando ya Ziwa Katavi; wapo wanaoacha sadaka shinani mwa mti huo hadi leo. Kila Mwislamu wa Mpanda anayejaza fomu huandika jina hilo katika nafasi ya mkoa, na hatujasikia aliyeambiwa kuwa amefanya ibada kwa kuandika hivyo.

Kwa maoni yetu mambo haya ni matatu, na yasichanganywe. Ipo elimu ya mmea, kwamba mjonso hutuliza tumbo. Hiyo ni elimu, na aliyewapa wanadamu akili ya kuigundua ni Mwenyezi Mungu. Ipo heshima ya mahali, kwamba chemchemi fulani haikatwi miti wala haifuliwi nguo. Hiyo ni hifadhi ya mazingira kwa jina la zamani, na sisi tunayo mfano wake katika himaya za malisho na maji tangu zama za mwanzo za Uislamu. Na ipo ibada, ambayo kila mtu atasimama nayo mbele ya Mola wake, na Mwislamu anajua mpaka wake. Itifaki iliyoandikwa vizuri husaidia kuyatenganisha haya, kwa sababu wenyewe ndio wanaosema lipi ni dawa, lipi ni mahali na lipi ni siri ya imani isiyoonyeshwa mtalii.

Utenganisho huo una uzito zaidi kanda ya magharibi. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wasiosajiliwa na wapiga ramli chonganishi, kutokana na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Marufuku ile ilistahili. Lakini katika macho ya wengi, bibi mwenye mizizi ya kuwatibu watoto na mpiga ramli mwenye damu mikononi wakawekwa kapu moja, na vikongwe wa kike ndio wanaolipa gharama ya kuchanganywa huko, kwa kunong'onwa na wakati mwingine kwa zaidi ya kunong'onwa. Mtaa ulioandika hadharani kuwa fulani ni mjuzi wa dawa za watoto, na kwamba elimu yake tunaitambua na kuilinda, umemjengea bibi huyo ukuta.

Tena Waislamu hatuna haja ya kujifunza wazo hili kutoka mwanzo. Tunayo hati ya wakfu. Mali ikiwekwa wakfu, asili yake haiuzwi, manufaa yake hutiririka kwa waliotajwa, na yupo msimamizi anayeulizwa. Zanzibar wanayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa kazi hiyo. Elimu ya mti si shamba wala nyumba, na tunawaachia masheikh hukumu ya kifiqhi, lakini umbo la hati ni lile lile: nini kimehifadhiwa, nani msimamizi, nani wafaidika, kwa sharti gani. Kisiwani Misali, magharibi ya Pemba, eneo la bahari lilitangazwa hifadhi mwaka 1998, na mafundisho ya dini juu ya uangalizi wa viumbe yakapelekwa kwa wavuvi kupitia viongozi wao wa dini, kwa kushirikiana na taasisi ya Kiislamu ya mazingira yenye makao Birmingham, Uingereza. Kisiwa hicho, kwa masimulizi ya Wapemba, ndicho kilichokuwa msala wa Nabii Hidhri. Watu walisikiliza msikitini yale waliyokuwa wakiyapuuza yakitoka katika kanuni za baruti na nyavu.

Na tuongeze neno kwa maduka yetu ya dawa za Kisuna. Rafu zimejaa habasoda, zaatari na mafuta yenye vibandiko vya Oman, India na Pakistani, na ni dawa njema. Asali ya Katavi utaikuta humo pia, pengine imetoka kwenye mzinga wa gome uliotundikwa mtini na Mkonongo wa Inyonga, lakini kibandiko kitakuambia jina la aliyeijaza kwenye chupa tu.

Itifaki ya mtaa kama Misunkumilo ingekuwa na nini ndani yake? Hatudhani kuwa inahitaji kurasa mia. Kwanza, majina ya walezi wa elimu, kwa ukoo au kwa ujuzi, wakiwamo wanawake. Hapa tunasisitiza, kwa sababu akina mama ndio wanaojua dawa za watoto na za wazazi waliojifungua, na vikao vya wazee vina desturi ya kuwasahau mpaka chai inapoletwa. Pili, aina za elimu: ile iliyo wazi kwa kila mtu, ile itolewayo kwa ruhusa, na ile isiyotoka nje ya ukoo. Mgeni akiambiwa mapema kuwa jambo fulani halitolewi, hatakasirika. Anayekasirika ni yule aliyekatazwa katikati ya safari. Tatu, utaratibu wa hodi wenyewe: mgeni anaanza kwa nani, anaeleza nini, kwa lugha gani, na wenyeji wanapewa siku ngapi za kutafakari kabla ya kujibu. Ridhaa inayotolewa siku ileile mbele ya mtendaji aliyesimama mlangoni si ridhaa.

Nne, marejesho. Watu wengi hukimbilia fedha, na fedha isidharauliwe. Lakini nakala ya utafiti katika Kiswahili, jina la mjuzi katika makala kama lilivyoandikwa jina la Mohamedi Seifu, sampuli ya mmea iliyobandikwa jina la Kitongwe au Kikonongo, na taarifa ikiwa mtu anataka kuomba hataza, hayo pia ni marejesho. Juu ya hataza upepo umeanza kubadilika: tarehe 24 Mei 2024 mjini Geneva mataifa yalipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza aseme rasilimali ya kijenetiki imetoka nchi gani, na maarifa ya jadi yametoka kwa jamii ipi. Tamko hilo litakuwa na maana pale tu ambapo jamii inajulikana kwa jina na ina karatasi ya kuonyesha.

Tano, miti yenyewe. Mninga unakatwa kwa mbao, myombo na mtundu kwa mkaa, na viwanja vinapimwa. Mtaa hauwezi kuzuia mji usikue. Unaweza kuorodhesha miti michache inayotegemewa kwa dawa, ukaomba kingo za mito na viwanja vya shule, misikiti na makanisa vipandwe miti hiyo, badala ya mapambo tu. Misikiti ya Mpanda inaweza kuanza bila kumngoja mtu.

Njia ya kisheria kwa mjini ni ndefu kidogo, ila ipo. Wakazi huandika rasimu katika mkutano wa mtaa. Kamati ya maendeleo ya kata huipokea, na diwani huipeleka katika baraza la madiwani. Manispaa ikiridhia kuifanya sheria ndogo, hutoa tangazo ili wenye pingamizi wajitokeze, huipitisha, humpelekea waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aikubali, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Safari hiyo yote ikichelewa, karatasi ya wakazi bado ina kazi yake, kwa maana Kifungu cha 12 cha Itifaki ya Nagoya, ambayo Tanzania imekwisha kujiunga nayo, kinazitaka nchi zizingatie sheria za kimila na itifaki za jamii kwa kadiri ya sheria zao za ndani. Mtafiti anayetoka chuo chenye kamati ya maadili ataulizwa huko kwao kama aliiona.

Kikao cha kwanza hakihitaji mfadhili. Kinahitaji daftari, mwandishi mwenye mwandiko unaosomeka na anayejua lugha zaidi ya moja za mtaani, na mabibi waketi mbele. Aliyekuwa na umri wa miaka ishirini wakati wa operesheni ya vijiji mwaka 1974 amekwisha kuvuka sabini. Huyo aanze kuandikwa yeye.